Pikapu ya Fundi Djaffar

Mjini Mutsamudu hapakuwa na mtu aliyejua kushusha bei kumshinda Rahamatou. Wenye maduka walipomwona akikata kona na shiromani, nguo yake nyekundu ya kujitanda, mabegani, wengine walianza kujipunguzia wenyewe kabla hajasema neno, ili yaishe mapema wapumzike. Si kwamba alikuwa mchoyo. Alikuwa mfanyabiashara. Alinunua vitambaa, sufuria na sabuni kwa jumla pale mjini, akavipandisha milimani, akaviuza Koni na vijiji vya jirani. Mtu anayekula kutokana na tofauti ya bei mbili hawezi kuichezea hata moja.

Mumewe, Djaffar, alikuwa kinyume chake. Yeye alikuwa seremala wa milango ya nakshi, mkono wake ukisifiwa kisiwa kizima cha Nzwani, lakini mteja akimuuliza bei, jibu lilikuwa lile lile: "Utakachoona kinafaa." Na wateja, waja wa Mungu, waliona kidogo sana. Rahamatou alikuwa amekwisha kumgombeza kwa hilo mpaka akachoka, kisha akachukua kazi ya kupokea wateja mwenyewe. Tangu hapo milango ikapata bei, na nyumba ikapata bati jipya.

Lakini jambo moja lilikuwa limebaki kooni mwa Djaffar kama mwiba wa samaki. Kabla ya Idi iliyopita alikwenda kununua beberu peke yake. Walikwisha kupatana na mwenye mbuzi, mikono ikikaribia kushikana, mara Rahamatou akatokea nyuma, akautoa mkono wa mumewe kwenye mkono wa yule mtu kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akaanza upya. Bei ikaporomoka hadharani. Watu wakacheka, Djaffar naye akacheka. Ila kwa siku kadhaa baadaye, mle karakanani, hakusikika akiimba kaswida zake huku akipiga randa.

Basi walipokuwa wamejikusanyia pesa za kununua gari, tena gari jipya, Djaffar alimngoja mkewe amalize kula, akasema:

"Mama Saoudat, nina ombi."

"Sema."

"Tukifika Moroni, dukani, niache mimi nizungumze."

"Nani amekukataza kuzungumza?"

"Wewe. Si kwa ubaya. Lakini mimi nikitafuta neno moja, wewe umeshatoa kumi, na yote ni mazuri kuliko langu."

Rahamatou akanawa mikono polepole. Alijua kinachosemwa ni mbuzi, ingawa mbuzi hakutajwa.

"Na wakikudanganya?"

"Wakidanganya, wawe wamenidanganya mimi."

Katika miaka yote ya ndoa yao, mwanamume yule alikuwa hajamwomba kitu kikubwa kuliko chumvi. Rahamatou akajifuta mikono. "Haya," akasema. "Ndani ya duka hilo nitakuwa kimya kama maji mtungini. Hutasikia sauti yangu mpaka wewe mwenyewe uniruhusu."

Wakati huo magari mapya yaliuzwa Moroni tu, kisiwa cha Ngazija. Mtu wa Nzwani aliyelitaka hakuwa na budi kuvuka bahari. Walipanda boti ya abiria. Rahamatou alitapika tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na Djaffar alimshikia ncha ya shiromani isilowe, huku akimhadithia jinsi nakshi ya jua inavyochorwa kwa bikari, kwa kuwa hakujua hadithi nyingine. Walifikia Itsandra, karibu na Moroni, kwa binamu yake Rahamatou aitwaye Hadjira, ambaye aliwapikia ndizi na samaki, na kuwapa onyo juu yake.

"Huyo Fakri wa magari ana ulimi wa asali," Hadjira alisema. "Watu huingia kwake kuuliza bei, wakatoka na ufunguo. Rahamatou, ni wewe tu unayemweza."

Rahamatou akatazama sahani yake. "Mimi sisemi. Anayesema ni baba Saoudat."

Hadjira akamtazama Djaffar, akamtazama binamu yake, akaona bora aongeze samaki.

Asubuhi wakachukua teksi hadi mjini. Duka la Fakri lilikuwa kando ya barabara, na milango mipana ya kioo iliyoachwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani mlikuwa na gari moja tu: pikapu nyeupe, mpya, tairi zake bado zina vile vinywele vya mpira wa kiwandani. Djaffar aliposimama mbele yake alivua kofia, akazinduka, akaivaa tena.

Fakri alitoka nyuma ya meza. Alikuwa mtu mnene, shati lake limepigwa pasi vizuri. Aliposikia lafudhi ya Nzwani akatabasamu, maana watu wa Moroni huona Wanzwani wanaimba wanapozungumza, naye Djaffar akatabasamu pia, maana Wanzwani huona wa Moroni wanagombana wanapoamkiana. Wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana hali ya safari na ya bahari. Rahamatou akaketishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta.

"Mama karibu sana," Fakri alimwambia.

Rahamatou aliinamisha kichwa kwa adabu, midomo imefungwa.

Djaffar akaanza kulikagua gari. Alilikagua kama seremala. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua, akaweka sikio kwenye bawaba. Alipitisha kiganja juu ya boneti kama anayetafuta mahali randa isipopita. Kisha akafanya jambo lililomfanya mkewe ashike kiti kwa mikono miwili: akaanza kusifu.

"Mlango huu mzuri sana. Unafunga kama sanduku la bibi harusi."

Rahamatou akakohoa. Ni nani anayesifu bidhaa kabla ya kuuliza bei? Hata mtoto anayetumwa chumvi huanza kwa kusema chumvi imelowa!

"Na rangi," Djaffar akaendelea. "Aliyepaka rangi hii hakuwa na haraka."

Rahamatou akakohoa tena, safari hii kifua kizima. Fakri akauliza kama mama angependa maji. Mama akatikisa kichwa.

"Bei yake, Bwana Fakri?"

"Milioni tatu na laki mbili, Fundi. Humo mna ushuru, mna usafiri mpaka hapa, hutaongeza hata senti."

"Ni bei nzuri," Djaffar akasema.

Rahamatou akatia ncha ya shiromani mdomoni akaing'ata.

"Ni nzuri kwa gari hili," Djaffar akaendelea kwa upole ule ule. "Mimi nisingethubutu kusema halina thamani hiyo, ningekuwa nasema uongo. Kinachonisumbua ni kwamba mfuko wangu haukusoma shule moja na gari lako."

Fakri akacheka. Alikuwa amezoea watu wanaoingia na kuponda: tairi dogo, kiti kigumu, fulani kanunua kwa nusu bei. Kila mmoja alikuwa na lawama yake, na yeye alikuwa na jibu la kila mmoja. Huyu hakuponda kitu. Akavuta kiti, akaagiza kahawa.

"Fundi, unafanya kazi gani?"

"Milango."

"Mlango mmoja unauza kiasi gani?"

"Utakachoona kinafaa."

"Siyo mimi, wateja."

"Ndivyo ninavyowaambia wateja. Utakachoona kinafaa."

Fakri alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. "Na mimi nikikwambia hivyo? Chukua gari, lipa utakachoona kinafaa?"

"Usinifanyie hivyo, Bwana Fakri. Nitaona aibu, nitakulipa bei yote, kisha huyu mama atanirudisha Mutsamudu kwa kuogelea."

Fakri akamtupia macho Rahamatou, ambaye alikuwa akitazama dari kwa makini, kana kwamba imeandikwa aya.

Kahawa ikaja. Kwa vile kahawa haiendi na bei, wakazungumza mengine, wakiulizana habari za watoto na za kazi. Ikajulikana kwamba Fakri alizaliwa Majunga, katika kisiwa kikubwa cha Bukini, na kwamba alikuja visiwani mwaka sabini na saba, baada ya Wangazija kuuawa kule, waliosalia walipopakiwa ndegeni kurudishwa. Alianza kwa kuuza tairi kuukuu. Djaffar akaweka kikombe chini.

"Kaka yangu amezikwa Majunga," akasema. "Alikwenda kutafuta kazi, hakupata bahati ya kurudishwa. Hata kaburi sijaliona."

Fakri naye akaweka chake. Kisha akauliza jina la kaka mtu na mtaa alioishi. Hakumjua, lakini mtaa aliujua, akamweleza Djaffar ulivyokuwa: msikiti wake, mti wake wa mkwaju, mwanamke aliyeuza mkate wa mchele asubuhi. Djaffar alisikiliza kama anayepokea kitu mkononi. Rahamatou naye alisikiliza. Alikuwa hajawahi kumsikia mumewe akimtaja kaka yake mbele ya mgeni.

Djaffar ndiye aliyerudi kwenye gari, tena kwa kubisha hodi.

"Nikuulize, na ukiona si vizuri usinijibu. Mimi nikinunua mbao kumi kwa wakati mmoja, hasa mwisho wa mwaka, mwenye mbao hunipa ya kumi na moja bure, ili aondoe za zamani. Hao wenye kiwanda cha magari, wao hawakupi wewe chochote?"

Fakri akakuna shingo. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nafikiri tu kwamba wauzaji wote ni ndugu."

Fakri alitazama kikombe chake. "Hutoa," akasema hatimaye. "Nikiuza kabla ya mwaka kwisha, hunirudishia kidogo. Mteja hahusiki nacho."

"Hakika hahusiki," Djaffar akakubali. "Ni chako. Lakini kama ungeona kinafaa kumshirikisha..."

Fakri akacheka tena, akapiga paja. "Wallahi wewe mtu unanyonga kwa uzi wa hariri! Haya. Nakupunguzia laki. Milioni tatu na laki moja, na turubai la nyuma juu yangu."

Pale kwenye kiti cha plastiki, akili ya Rahamatou ilikuwa ikichemka. Laki moja! Kama angeachiwa yeye angeanzia milioni mbili na nusu na kuinuka kwenda zake mara kadhaa. Lakini akautazama mgongo wa mumewe. Ulikuwa umenyooka. Mtu aliyekuwa akiinama juu ya mbao tangu ujana wake alikuwa ameketi wima katika duka la kigeni, akizungumza na tajiri wa Moroni kama mtu na shemeji yake. Rahamatou akaitoa shiromani mdomoni, akaikunjua, akaipapasa mahali alipoing'ata.

"Nimekubali," Djaffar akasema, akanyoosha mkono.

Hapo ndipo gari la kijeshi liliposimama mlangoni, nusu likiwa juu ya njia ya waendao kwa miguu. Akashuka mzungu mrefu mwenye sare nyeusi na bastola kiunoni. Alikuwa mmoja wa wale mamluki waliokuja kwa bahari mwaka sabini na nane, wakapindua serikali, kisha wakabaki. Kufikia wakati huo walikuwa wamezizoea nyumba, hoteli na mashamba ya visiwa kama mtu azoeavyo vyake, na watu wa Moroni walikuwa wamejifunza kutazama pembeni wanapopita.

Hakusalimu. Alilizunguka gari mara moja, akalipiga boneti kwa kiganja, akasema kwa Kifaransa, "Hili. Sasa hivi."

Fakri alikuwa ameshasimama. "Samahani, bwana. Limeuzwa. Huyu fundi ndiye amelinunua."

Mzungu akamtazama Djaffar kuanzia kofia mpaka kandambili. "Amelipa?"

"Tumepatana."

"Nimeuliza kama amelipa."

Fakri akatikisa kichwa. Mzungu akatoa bahasha nene mfukoni mwa suruali, akaitupa mezani, kikombe kimoja kikaanguka. "Bei yote. Hesabu."

Rahamatou alikuwa amesimama bila kujua. Maneno yalikuwa yamejipanga kinywani, ya Kinzwani, ya Kiarabu, mpaka ya Kifaransa alichokiokota bandarini, na safari hii hayakuhusu bei. Akafungua mdomo. Djaffar akageuka akamtazama. Hakuwa anamkumbusha ahadi. Alikuwa anaogopa kwa ajili yake. Mtu aliyebishana na wale watu hakuwa na hakika atalala wapi.

Kisha Djaffar akamgeukia Fakri. Fakri alikuwa amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, shati limeshalowa mgongoni. Djaffar akaushusha mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Mpe, Bwana Fakri," alisema kwa sauti ya chini. "Una watoto."

Mzungu alichukua ufunguo. Pikapu nyeupe ikatoka kwa kishindo, mlango haukufungwa sawasawa, ukawa unagonga-gonga mpaka ilipopotea. Gari la kijeshi, likiendeshwa na dereva aliyebaki ndani, likaifuata. Kahawa iliyomwagika ikatiririka mezani ikaanza kudondoka sakafuni, na hakuna aliyeifuta.

Fakri akaketi. Bahasha ilikuwa mbele yake, na hakuigusa.

"Wananunua namna hiyo," akasema. "Hawaulizi bei, hawaombi punguzo, hawakuambii hata sabalkheri. Watu hudhani ni neema. Wallahi, Fundi, mtu akinilipa hivyo naona kama ameniibia."

"Mungu atakupa heri," Djaffar akasema. Akamfanyia mkewe ishara, wakaaga, wakatoka. Kofia ya Djaffar ilikuwa imekaa upande, naye hakujua. Rahamatou alinyoosha mkono akamwekea sawa. 

Hawajafika mbali wakasikia kandambili zikipiga lami nyuma yao. Alikuwa Fakri, akihema.

"Fundi! Fundi, rudini. Zimebaki tatu nyingine, kama ile ile. Ila hazijafika hapa. Meli kubwa haiwezi kufunga gatini Moroni, unajua mwenyewe. Zimeshushwa kwenu, Mutsamudu, ziko ndani ya ghala la bandari, zinangoja boti ya kuzileta. Bei tuliyopatana ni ile ile. Nitakuletea."

Djaffar akasimama. Akamwangalia Fakri, kisha akamgeukia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akauona uso wake vizuri: mashavu yamevimba kama ya mtoto aliyeficha maji ya kunywa mwezi wa Ramadhani.

Akacheka. Akacheka kwa raha kabisa, pale barabarani.

"Mama Saoudat," akasema. "Mimi yangu nimemaliza. Nimefikia hapo uwezo wangu ulipofikia. Sasa nakuomba, tafadhali, sema."

"Kweli?"

"Utapasuka."

Walirudi dukani, na Rahamatou hakungoja kuketi.

"Bwana Fakri, mwanangu wewe, umesema kwenye ile bei mna usafiri. Usafiri wa wapi kwenda wapi?"

Fakri aliruka kidogo, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza aisikie sauti ile. "Wa... wa kutoka Mutsamudu kuja hapa, mama. Kwa boti."

"Na sisi tunakaa wapi?"

"Mutsamudu."

"Kwa hiyo unataka ulibebe gari kutoka mlangoni kwetu, ulivushe bahari iliyonitapisha mimi matumbo, ulifikishe hapa, halafu tulipe boti nyingine lirudi mlangoni kwetu. Gari linakwenda kuhiji?"

Djaffar alikuwa amepata shughuli ya kufuta meza.

"Boti inachukua kiasi gani?" Rahamatou akauliza.

"Karibu laki, mama."

"Laki imetoka. Tuko milioni tatu. Sasa tuje kwa yule asiyejua kusalimu. Amekulipa ngapi?"

"Bei yote."

"Bei yote ni laki zaidi ya ulivyopatana na mume wangu. Gari ni lile lile. Lilikuwa la nani alipoingia?"

Fakri akainua kikombe kilichoanguka.

"Lilikuwa la nani, Bwana Fakri?"

"Lilikuwa la Fundi."

"Na Fundi angeshikilia neno lake, leo duka hili lingekuwa na habari nyingine. Ile laki iliyozidi umeipata kwa subira yake. Mimi sisemi uitoe yote, wewe nawe umepata hofu yako, na hofu ina ujira. Tugawane."

Fakri alitazama bahasha, akamtazama mwanamke yule mfupi mwenye shiromani iliyotafunwa ncha, kisha akamgeukia Djaffar kwa macho ya mtu anayeomba msaada.

"Fundi, kumbe ana mdomo!"

"Ulidhani namuogopa nani?" Djaffar akajibu, akiendelea kufuta.

Na Fakri, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa amekaa kama aliyefiwa, akaanza kucheka, tumbo zima. Akabisha kidogo, kwa sababu kutobisha kungekuwa dharau. Rahamatou akainuka kama anayeondoka, kwa sababu kutoinuka kungekuwa dharau pia. Wakaishia milioni tatu kasoro elfu hamsini, turubai likabaki, na tairi la akiba likaongezwa. Walipopeana mikono safari hii ilikuwa mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine.

Fakri akachukua kalamu kuandika karatasi za umiliki. "Kwa jina la nani?"

"Rahamatou binti—" Djaffar akaanza.

"La Fundi Djaffar," Rahamatou akamkatiza.

"Pesa nyingi ni zako," Djaffar akamwambia taratibu.

"Nyumba ni yangu," Rahamatou akasema. "Nilipewa na mama, naye alipewa na mama yake, ndiyo ada yetu. Shamba la karafuu ni la dada zangu na mimi. Mpaka kitanda unacholalia nilikikuta. Umekaa kwangu tangu tulipooana kama mgeni mpole, unaomba chumvi. Nataka uwe na kitu ambacho mimi ndiye nikuombe unipakie." Akamgeukia Fakri. "Andika, baba. Andika kwa herufi kubwa."

Djaffar akavua miwani akaisafisha kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena.

Kwenye boti ya kurudi bahari ilikuwa shwari, na Rahamatou aliweza kukaa ubavuni kwake bila kuinamia ukingo. Djaffar akauliza huku akiyatazama maji.

"Pale dukani, uliponyamaza. Ulinionea huruma?"

Rahamatou hakutaka kudanganya. "Mwanzo nilikuonea huruma. Ulipoanza kusifu mlango nilitaka kulia." Akavuta shiromani. "Baadaye nilikuwa nakusikiliza. Mimi nisingeweza kumfanya mtu yule aseme kwamba kiwanda kinamrudishia. Ningemuuliza, angekataa, ningemwita mwongo, tungeondoka. Wewe ulimwacha akwambie."

"Na mimi boti isingenijia akilini," Djaffar akasema. "Wallahi nilikuwa tayari kulilipia lije lirudi."

"Najua."

Wakacheka mpaka abiria wa mbele akageuka.

Bandarini Mutsamudu, karatasi zilipokwisha kugongwa mihuri, ghala likafunguliwa. Pikapu zilikuwa tatu, na hakuna nyeupe. Moja ilikuwa nyekundu, mbili za kijani, kijani cha ndizi mbichi. Wachukuzi wa bandarini walisimama kutazama ni ipi atakayochukua Rahamatou. Yeye akakunja mikono.

"Mwulizeni mwenye gari," akasema.

Djaffar alifungua na kufunga milango yote, akasikiliza, kisha akachagua moja ya zile za kijani, kwa sababu ya bawaba. Leseni alikuwa nayo tangu mwezi uliotangulia, mazoezi hakuwa nayo. Walitoka getini kwa mwendo wa maiti, wachukuzi wakipiga makofi pande zote mbili, na kuku mmoja alivuka mbele yao bila hata kuharakisha.

Safari ya kwanza ya kazi ilikuwa Koni. Walipakia vitambaa na sufuria nyuma, turubai likafungwa, wakaanza kupanda. Ile barabara inainuka kama ngazi ya kwenda darini, na katikati ya mlima injini ikazimika. Djaffar akaiwasha. Ikazimika. Kila alipoachia breki kutafuta gia, gari lilirudi nyuma hatua kadhaa, na sufuria zikapigana kama ngoma ya harusi.

"Shuka, Mama Saoudat," akasema, jasho likimtoka. "Nitakuua."

Rahamatou akashuka. Hakushuka kwa woga. Alitazama kando ya barabara, akachagua jiwe jeusi kubwa kiasi cha kichwa cha mbuzi, akajifunga shiromani kiunoni, akalisukuma nyuma ya gurudumu. Gari likatulia. Djaffar akawasha, akapanda hatua kadhaa, likazimika. Rahamatou akalibeba jiwe akafuata, akaliweka tena.

Waliokuwa wakichuma maua ya mlangilangi shambani walisimama na vikapu vyao kutazama. Mmoja akapiga kelele, "Rahamatou! Gari jipya hilo, au punda?"

"Jipya!" Rahamatou akamjibu, akihema, akiwa ameliinamia jiwe. "Na limeandikwa jina la mume wangu!"

Mbele, dirishani, Djaffar alikuwa ameanza kuimba kaswida, kwa sauti ya chini kwanza, akikanyaga klachi taratibu. Injini ikashika. Gari likapanda, likaendelea kupanda, na Rahamatou akaliacha jiwe pale pale barabarani akalikimbilia, akicheka, akimwambia asisimame, asisimame, atalirukia.